Nyurofidibaki ya wimbi la mu na hisia ya udhibiti: nitajuaje nimegusa hisia yenyewe?

Kidole_Kimoja

Wakuu, salaam.

Naandaa jaribio la shahada ya uzamili na nimekwama sehemu nne, kwa hiyo naziweka zote mezani.

Wazo ni hili. Mtu anapokaribia kubonyeza kitufe kwa mkono wa kulia, wimbi lake la ubongo liitwalo mu (8 hadi 13 Hz) hushuka kwenye eneo la C3, upande wa kushoto wa kichwa. Nataka aone kwenye kioo nguvu ya wimbi lake mwenyewe wakati huohuo, ajifunze kulishusha au kulipandisha, kisha nipime kama hisia yake ya udhibiti imebadilika. Nikisema hisia ya udhibiti nina maana ya ile hali ya kujiona kwamba sauti iliyolia baada ya kitufe "nimeiliza mimi". Hoja yangu: kama maandalizi ya kitendo ndiyo yanayoilisha hisia hiyo, ukiyasukuma maandalizi, hisia nayo isogee.

Nilichonacho: OpenBCI Cyton, kifaa cha kupima mawimbi ya ubongo (EEG), ya njia 8 (sampuli 250 kwa sekunde), elektrodi za vikombe vya dhahabu, laptopu ya Windows, Python yenye BrainFlow (ya kusomea data) na PsychoPy (ya kuendeshea jaribio). Kuna aliyenishauri nitumie Muse, mkanda wa EEG wa kichwani, kwa sababu inavalika haraka.

Mpango wa sasa: chujio la kidijitali la FIR la pointi 251 la kubakiza 8–13 Hz, dirisha la sekunde 1, mstari unaopanda na kushuka kwenye kioo. Washiriki 24, yaani 12 wapate mrejesho wa kweli na 12 waoneshwe mrejesho uliorekodiwa kwa mtu mwingine. Kipimo ni saa ya Libet (mtu anatazama mkono wa saa unaozunguka, kisha anasema ulikuwa wapi tukio lilipotokea) kabla na baada ya mafunzo.

Maswali:
1. Njia 8 niziweke wapi? Wengi wa washiriki ni wanawake waliosuka.
2. Mrejesho ukichelewa kiasi gani unakuwa hauna maana?
3. Saa ya Libet peke yake inatosha?
4. Kundi la mrejesho bandia liko sawa?

fundi_elektrodi

Mkuu, nachukua swali la kwanza.

Muse achana nayo kwa kazi hii. Elektrodi zake ziko AF7, AF8, TP9 na TP10, yaani paji la uso na nyuma ya masikio. C3 haipo. Hata Emotiv Epoc yenye elektrodi 14 inaziruka C3 na C4. Cyton yako ndiyo yenyewe, kwa sababu waya unaupeleka unakotaka.

Njia nane zigawe hivi: C3, majirani zake wanne FC3, CP3, C1 na C5, ya sita C4 (mwenzake C3 upande wa kulia), ya saba Oz (kisogoni), ya nane msuli wa mkono. Majirani wana kazi kubwa. C3 ikipimwa peke yake dhidi ya sikio hubeba wimbi la alfa la kisogoni, ambayo mara nyingi ni kubwa kuliko mu na iko kwenye masafa yaleyale. Mshiriki akilegeza macho tu, mstari wako unapanda, na wewe unaandika kwamba mkono umetulia. Ukitoa wastani wa wale wanne kutoka C3 (hii ndiyo Laplasi ndogo), sehemu kubwa ya alfa ya mbali inaondoka, pamoja na kupepesa macho na kelele za elektrodi ya sikio. Oz inabaki kama mlinzi: nguvu ya C3 na ya Oz zikiwa zinapanda na kushuka pamoja, mu hujaipata.

Vipimo vya kichwa: tumia futi ya fundi cherehani. Pima kutoka kibonde kilicho juu ya pua hadi kifundo cha kisogo. Tuseme ni sentimita 36, basi Cz, yaani utosini katikati, iko sentimita 18. Kisha pima sikio hadi sikio ukipitia Cz. Nayo ikiwa 36, C3 iko asilimia 20 ya urefu huo kutoka Cz kwenda kushoto, yaani 7.2. C1 iko 3.6 na C5 iko 10.8. FC3 na CP3 ziko kama 3.6 mbele na nyuma ya C3.

Ukiziangalia namba hizo utaona habari njema kwa waliosuka. FC3, C3 na CP3 zinakaa karibu kwenye mstari mmoja wa mbele kwenda nyuma, na C1 na C5 kila moja kwenye mstari wake. Kwa hiyo mistari ya kawaida ya twende kilioni, isiyo na nywele bandia, ikiwa na njia zilizopasuliwa sentimita 3.6, 7.2 na 10.8 kutoka katikati, inakupa ngozi wazi palepale unapopahitaji. Mpe msusi vipimo hivyo siku moja kabla. Mwaka 2020 watafiti wa Carnegie Mellon kule Marekani walichapisha elektrodi za kibanio zilizobuniwa kukaa chini ya mistari ya namna hii, kwa sababu kofia za kawaida hazigusi ngozi penye nywele za kipilipili. Ukikosa vibanio hivyo, kikombe chenye pasta ya Ten20 na kipande cha utepe wa karatasi juu yake kinashika vizuri kwenye njia iliyopasuliwa.

Tatizo linalobaki ni mafuta. Mshiriki aoshe nywele kabla ya kusukwa na asipake chochote njiani kati ya mistari. Sugua kila sehemu kwa Nuprep (jeli ya kusafishia ngozi) na pamba ya masikio, mara kumi hivi, bila kuchubua. Lenga ukinzani chini ya kiloohmu 10, na 20 iwe ndiyo mwisho. Pasta iwe ya kujaa kikombe tu. Majirani wako sentimita tatu na nusu, na pasta ikitambaa ikaunganisha vikombe viwili, vinakuwa elektrodi moja na Laplasi inakupa nguvu iliyopungua ambayo inafanana sana na "mu imeshuka".

Kipimo cha ukinzani cha Cyton hupitisha mkondo wa nanoampea 6 kwenye 31.2 Hz. Ukisahau kukizima kabla ya kurekodi utaona mnara mwembamba kwenye 31 Hz na utaanza kuota kuhusu beta, yale mawimbi ya ubongo ya kasi zaidi ya mu.

Njia ya msuli: zima SRB2 (rejeo la pamoja la njia zote) kwenye njia hiyo pekee, tumia pini zake zote mbili, N na P, na bandika elektrodi mbili umbali wa sentimita 2 juu ya msuli ulio kati ya gumba na kidole cha shahada. Bila njia hii kazi yote ni bure, maana kutikisa kidole kidogo tu kunashusha mu vizuri kuliko mafunzo yoyote.

Cyton inakula betri tu, volti 3 hadi 6. Laptopu nayo chomoa chaja. Feni ya mezani isogee mbali na nyaya. Umeme wetu ni wa 50 Hz, kwa hiyo chujio la kukata liwekwe 50. Mifano mingi ya mtandaoni imewekwa 60 ya Marekani na watu wanainakili hivyohivyo.

Chujio

Swali la pili. Hapo kwenye "FIR pointi 251" na "dirisha sekunde 1" ndipo jaribio linapofia, na halitatoa hata kilio.

FIR iliyo sawa pande zote huchelewesha mawimbi kwa nusu ya urefu wake. Pointi 251 maana yake kuchelewa sampuli 125, na kwa sampuli 250 kwa sekunde hiyo ni nusu sekunde kamili. Dirisha la sekunde 1 nalo linakupa wastani ambao kitovu chake kiko nusu sekunde nyuma. Jumla ni kama sekunde moja kabla hujahesabu redio ya Cyton na kioo. Mshiriki anaona mstari ukishuka kwa jambo ambalo ubongo wake ulilifanya sekunde nzima iliyopita, na katika sekunde hiyo anaweza kuwa ameshabonyeza kitufe. Na hapa unachunguza hisia ya udhibiti, kitu ambacho chenyewe hunyauka matokeo yanapochelewa kufuata kitendo! Yaani chombo chako kinaiua hisia unayotaka kuikuza.

Fanya hivi:

Chujio liwe Butterworth la daraja la 4 la kwenda mbele tu, kwa sosfilt ya SciPy. Usitumie filtfilt wakati mtu yuko kwenye kiti, maana inahitaji sampuli za baadaye ambazo bado hazijatokea. Hifadhi hali ya chujio (zi) kati ya kipande kimoja cha data na kinachofuata. Ukilianzisha upya kila kipande, mwanzo wa kila kipande unatoa mshtuko unaofanana na nguvu, na mstari wako utacheza kwa mdundo wa kompyuta.

Dirisha liwe milisekunde 500, lisogee kila milisekunde 50. Usishuke chini sana: nusu sekunde inakupa utengano wa 2 Hz tu, na hiyo inatosha ikiwa bendi imewekwa kwa mtu husika. Rekodi dakika 2 za mapumziko macho wazi na dakika 2 za kukunja na kukunjua ngumi, tafuta kilele kinachoshuka wakati wa ngumi, kisha chukua 2 Hz chini yake na 2 juu yake. Wengine kilele kiko 9, wengine 12. Asiye na kilele kabisa muondoe kwenye mafunzo na umtaje kwenye ripoti.

Kiendeshi cha FTDI cha kidude cha USB kinachopokea data ya Cyton kinakuja na kusubiri kwa milisekunde 16. Ingia kwenye mipangilio ya bandari ya COM kwenye Windows uweke 1, la sivyo data inakuja kwa mafungu.

Sauti ya Windows ndiyo mwizi mkubwa. PsychoPy iwekwe kwenye maktaba ya sauti ya PTB (Psychtoolbox), vipaza sauti viwe vya waya. Vya Bluetooth ni marufuku hapa.

Kisha usiamini namba yoyote ya programu. Pima. Waya wa kutoka tundu la vipokea sauti uingize kwenye njia moja ya Cyton uone sauti inafika lini baada ya kitufe. Kwa ukuzaji wa mara 24 Cyton inapokea hadi milivolti 187.5 tu kila upande, kwa hiyo punguza kwanza kwa vipinga viwili: kiloohmu 100 mfululizo na ohmu 100 kwenda ardhini, volti 1 inakuwa kama milivolti 1. Jaribio hilo lifanywe bila binadamu kuunganishwa. Usichanganye kamwe waya wa laptopu na kichwa cha mtu.

Chora mgawanyo wa ucheleweshaji kwa mibonyezo 200. Wastani wa milisekunde 40 usiobadilika unaweza kuutoa kwenye hesabu. Unaoyumba kati ya 20 na 90 huwezi, na saa ya Libet inatafuta tofauti za makumi machache ya milisekunde.

Kidole_Kimoja

Asanteni sana. FIR nimeitupa. Swali la nyongeza: je, badala ya mu, nisitumie ule uwezo wa maandalizi, lile wimbi la polepole analolionesha mtu kabla ya kufanya mwendo kwa hiari yake? Unaonekana uko karibu zaidi na "nia".

Chujio

Uko karibu, lakini haufundishiki kirahisi. Kornhuber na Deecke waliuonesha mwaka 1965 kwa kuweka pamoja wastani wa majaribio mengi. Kwenye jaribio moja unazama ndani ya kelele. Unahitaji chujio la kukata masafa ya chini lisilozidi 0.1 Hz, na kwa joto na unyevu wa Dar es Salaam au Mombasa jasho la kichwani linazalisha mawimbi ya polepole makubwa kuliko hilo unalolitafuta. Ukilizima jasho kwa kuweka chujio la 0.5 Hz umelifuta na wimbi lenyewe.

Kwa kutambua (si kwa kufundisha) imewezekana. Schultze-Kraft na wenzake, mwaka 2016, waliwapa watu kompyuta iliyosoma wimbi hilo na kuwasha taa ya kusimama. Watu waliweza kuahirisha kitendo hadi kama milisekunde 200 kabla ya mwendo kuanza; baada ya hapo wakashindwa kujizuia. Na kabla hujaliita wimbi hilo "nia", kumbuka Schurger, Sitt na Dehaene mwaka 2012 walionesha kwamba umbo lile linaweza kutokea hata kwa mrundikano wa kelele za kawaida za ubongo unaovuka kizingiti, ukizilinganisha kurudi nyuma kutoka kwenye mwendo. Baki na mu.

Dada_Takwimu

Swali la tatu na la nne yanaenda pamoja, na la nne ndilo zito, kwa hiyo nitalimaliza la tatu haraka.

Saa ya Libet: mkono unazunguka kwa milisekunde 2560. Unahitaji hali nne, kila moja majaribio 30 hadi 40: kitufe peke yake, sauti peke yake, kitufe kinachofuatiwa na sauti huku mtu akisema wakati wa kitufe, na vilevile huku akisema wakati wa sauti. Sauti ije milisekunde 250 baada ya kitufe. Haggard, Clark na Kalogeras mwaka 2002 walikuta kitufe kinasikika kama kimechelewa kwa milisekunde 15 na sauti kama imewahi kwa 46. Yaani viwili vinasogeleana, na jumla ya msogeleano ni 61. Kidole kilipochezeshwa kwa sumaku juu ya fuvu, bila hiari ya mtu, vikasukumana badala ya kusogeleana. Kwenye kioo cha 60 Hz mkono wa saa unaruka nyuzi 2.34 kila fremu, kwa hiyo usitarajie usahihi kuliko milisekunde 17 kwa jaribio moja. Wastani ndio unaokuokoa.

Je, inatosha? Haitoshi. Buehner na Humphreys mwaka 2009 walionesha kwamba uhusiano wa chanzo na tokeo ndio unaovuta nyakati zisogeleane. Suzuki, Lush, Seth na Roseboom mwaka 2019 wakapata msogeleano pasipo kitendo cha hiari chochote, watu wakitazama tu. Kwa hiyo msogeleano ukibadilika baada ya mafunzo, mtahini atakuuliza: umegusa udhibiti, au umegusa namna mtu anavyohisi muda? Mu ikishuka umakini nao unaweza kuwa umepanda, na umakini peke yake unasogeza saa.

Ongeza jaribio la nukta. Mshiriki anasogeza kipanya na nukta inafuata mchanganyiko: asilimia fulani mwendo wake, iliyobaki mwendo wa mtu mwingine uliorekodiwa. Tumia viwango vitano, 30, 40, 50, 60 na 70, kila kimoja mara 20. Swali moja tu: "Uliiongoza wewe?" Ndiyo au hapana. Chora mkunjo. Mahali mkunjo unapovuka nusu ni upendeleo wake wa kujibu. Mwinuko wa mkunjo ni uwezo wake wa kutofautisha. Hapa ndipo thamani ilipo. Mtu aliyetoka kwenye mafunzo akidai "mimi, mimi" kila mahali, mkunjo umehama kushoto lakini mwinuko ni uleule: hajaongeza udhibiti, ameongeza majivuno. Synofzik na wenzake walishatenganisha hisia ya udhibiti na hukumu ya udhibiti mwaka 2008, na kipimo kinachouliza alama 0 hadi 100 tu kinazikoroga zote mbili chungu kimoja.

Sasa la nne. Mkuu, mrejesho wa kuazima kutoka kwa mtu mwingine ni dawa ya kawaida kwenye tafiti za nyurofidibaki, lakini kwako ni sumu. Fikiria kundi la kweli linafanya nini kwa dakika 30: linajitahidi ndani ya kichwa, na kitu kwenye kioo kinatii. Hilo lenyewe ni zoezi la kuhisi udhibiti! Kundi la bandia linajitahidi na kioo hakitii. Nalo ni zoezi, la kujiona huna nguvu. Baada ya hapo unawapima wote udhibiti, unapata tofauti, na unaiandika kwa jina la mu. Huenda mu haikuhusika hata chembe. Tofauti hiyo ungeipata hata ukimfundisha mtu kutikisa sikio.

Na upande wa pili wa mtego: mrejesho bandia ukifanana vya kutosha na wa kweli, watu wataumiliki. Lynn na wenzake mwaka 2010 waliwapa watu kifaa cha kusoma ubongo ambacho hakikusoma chochote. Mstari ulisogea kwa ratiba ya kompyuta na washiriki wakaripoti nia ambazo hazikusogeza kitu.

Kinachohitajika ni makundi yote yapate utii uleule wa kioo, yatofautiane kwenye wimbi tu. Njia safi niijuayo: kila mtu afunzwe pande zote mbili. Siku moja kushusha mu ya C3, siku nyingine kuipandisha, angalau siku mbili katikati, nusu waanze na hili na nusu na lile. Kioo ni kilekile, mstari ukienda juu ni ushindi siku zote mbili. Programu ndiyo inayojua upande. Usiseme "fikiria mkono" siku moja na "tulia" siku nyingine. Sema "tafuta namna ya kuupandisha mstari" basi. Anayempima baadaye asijue siku ilikuwa ya upande gani, na mwisho mshiriki akisie. Makisio yakizidi bahati, yaandike.

Hii inakutatulia na hesabu ya watu. 12 dhidi ya 12 inaweza kukuonesha, kwa nafasi ya asilimia 80, tofauti ya ukubwa kama 1.2 tu kwa kipimo cha Cohen, ambayo kwenye fani hii ni ndoto. Watu haohao 24 wakijilinganisha wenyewe, unafika kwenye 0.6.

Kizingiti cha ushindi kirekebishwe kila dakika 3 ili kila mtu ashinde kama asilimia 65 ya muda, siku zote mbili.

fundi_elektrodi

Dada, hapo kwenye kizingiti kinachomfuata mtu napinga kidogo. Kizingiti kikitembea, kila mtu anashinda asilimia 65 milele, hata aliyelala. Kwenye jedwali utaona mafanikio sawa na kumbe hakuna aliyejifunza.

Dada_Takwimu

Kweli, kaka, ndiyo maana asilimia ya ushindi haitumiki kama ushahidi wa kujifunza. Kazi yake ni kusawazisha utii wa kioo tu. Ushahidi unautoa kwenye nguvu ghafi ya mu, katika desibeli, bendi isiyobadilika, ikilinganishwa na dakika 2 za mwanzo wa siku hiyo. Na zaidi kwenye majaribio yasiyo na kioo: mwisho wa kila kipande weka sekunde 30 za "fanya vilevile, mstari haupo". Akiweza hapo, amejifunza. Akishindwa, alikuwa anafukuza mstari.

Ila kuna jambo ulilogusa la usingizi. Alfa hupanda mtu akichoka, kwa hiyo siku ya kupandisha ina upendeleo wa bure. Ndipo ile Oz yako inapookoa: nguvu ya Oz na teta ya 4–7 Hz ziingie kwenye modeli, na kila kipande kisizidi dakika 4, vipande sita kwa siku.

Chujio

Naongeza wezi wawili wa ushindi. Kwanza meno. Mtu akiuma taya, misuli ya kipajani inamwaga kelele pana kuanzia karibu 20 Hz kwenda juu, nayo inafika C5. C5 ni jirani kwenye Laplasi yako, kwa hiyo inachafua tofauti yote. Hesabu nguvu ya 30–45 Hz kwenye C5, na ikivuka wastani wa mapumziko kwa mara 3 ya mtawanyiko, ugandishe mstari. Pili, mkono: kanuni hiyohiyo kwa njia ya msuli. Mstari ugande, usishuke. Ukiushusha unamfundisha kwamba mkono una uhusiano na mchezo, na ataanza kuuchezea.

Na usimwambie mshiriki abonyeze mstari ukifika juu. Hapo kitufe kinakuwa jibu kwa taa, si kitendo cha hiari. Mafunzo yawe peke yake, saa na nukta zije baadaye bila mstari wowote kwenye kioo.

Kidole_Kimoja

Nimeelewa, kundi la kuazima limekufa. Kilichobaki kunisumbua: haya yote ni siku mbili kwa kila mtu, mara 24. Kuna njia ya kujua mapema kama mu ina uhusiano wowote na hisia hii kabla sijamaliza pasta yote?

Dada_Takwimu

Ipo na ni rahisi, na ingepaswa kuwa hatua ya kwanza. Chukua watu 8, wape jaribio la nukta na la saa bila mafunzo yoyote, majaribio mengi, EEG ikirekodi. Kwa kila jaribio toa nguvu ya mu ya C3 kuanzia sekunde 1 hadi 0.2 kabla ya kitufe. Ndani ya kila mtu, gawa majaribio mafungu matatu: mu ndogo, ya kati, kubwa. Angalia kama hukumu zinatofautiana kati ya fungu la kwanza na la tatu. Usilinganishe mtu na mtu; mwenye fuvu nene atakudanganya.

Mu inayopanda na kushuka yenyewe kwa kawaida hucheza kwa upana unaokaribia ule utakaoupata kwa mafunzo. Kama upana huo wa asili hausogezi hukumu hata kidogo, mafunzo nayo hayataisogeza. Hapo badilisha lengo, labda teta ya katikati ya paji kwenye FCz (mbele kidogo ya Cz), ambayo hupanda mtu akigundua kosa au mgongano, na hata njia za elektrodi zitahama: FCz, majirani wake, na C3 ibaki moja.

Ukiona uhusiano, jaribu hatua ya katikati kabla ya mafunzo: kompyuta isubiri mu iwe chini au juu yenyewe ndipo iwashe ishara ya "sasa unaweza kubonyeza wakati wowote". Hakuna wa kufundisha, hakuna kioo cha kutii, na lile tatizo la utii linakuwa halipo kabisa.

fundi_elektrodi

Kwa hao 8 anza na kibali. Tanzania ni kamati ya maadili ya chuo na, kulingana na utafiti, NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu). Kenya kuna NACOSTI (Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu) juu ya kamati ya chuo. Kwenye fomu weka wazi kwamba wenye historia ya kifafa au wanaosikia sauti na kuhisi wanaendeshwa na wengine hawaingii. Mchezo wa kumwonesha mtu kwamba nukta anayodhani ni yake si yake haufai kwa anayesumbuliwa na hali hiyo nje ya uangalizi wa daktari wake.

Vikombe vya dhahabu osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji mara tu ukimaliza, kwa mswaki laini. Pasta ikikaukia usiku kucha, ukinzani wa siku ya pili kwa mtu yuleyule hautalingana na wa siku ya kwanza, na kwenye mpango wa siku mbili hiyo ndiyo tofauti usiyoitaka.

Kidole_Kimoja

Naanza na wale 8, majaribio 200 ya nukta kwa kila mmoja na saa kamili. Msusi nimpe vile vipimo vitatu vya kushoto tu, au na kulia kwa ajili ya C4?

fundi_elektrodi

Na kulia, njia moja tu ya 7.2. Mwambie ya katikati aipasue kutoka puani hadi kisogoni iwe imenyooka, maana namba zote zinahesabiwa kutoka hapo.